Miti ya Kujengea Ng'ambo: Boriti za Lamu Zinamfundisha Nini Mkulima wa Kakamega?



Katika mabaraza ya Kakamega, toka Shinyalu mpaka Malava, swali hili husikika: "Miti tunayo, na watu wa ng'ambo wanajenga nyumba usiku na mchana. Kwa nini tusiwauzie?" Ni swali la mtu mwenye akili, na si vizuri kulijibu kwa neno moja. Mwezi huu tutalichunguza kwa kutazama biashara ambayo watu wa pwani yetu waliifanya kwa mamia ya miaka, nayo ni biashara ya boriti.

Yamkini wewe uliyezaliwa bara hujapata kuona mkoko. Ni mti uotao katika tope la bahari, pale maji ya chumvi yanapojaa na kupwa. Ni mgumu na mzito, na gome lake hutumiwa kutengenezea ngozi. Mchwa hawaupendi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na msitu mwingine mkubwa sana uko Tanzania, mahali mto Rufiji unapoingia baharini.

Sasa fikiri juu ya nchi za Ghuba: Kuwait, Bahrain, na pwani za Uajemi na Omani. Huko jua ni kali na mvua ni haba, na miti mirefu ya kujengea haioti. Mtu aweza kusimamisha ukuta kwa udongo au mawe, lakini ataezeka kwa nini? Hapo ndipo mti wetu ulipopata bei. Mwandishi Istakhri, aliyeishi katika karne ya 10, alieleza kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, maana yake pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Boriti zilipangwa toka ukuta mpaka ukuta, zikafunikwa kwa mikeka, kisha udongo au chokaa juu yake. Kwa hiyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba kwa sababu hiyo hiyo.

Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakileta tende, chumvi na mazulia, kisha yakarudi na kusi yamejaa miti. Baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaona jinsi mabaharia walivyopakia miti Rufiji, wakiteseka kwa tope na mbu. Mtu akikuambia biashara ya ng'ambo ni fedha rahisi, mkumbushe mabaharia hao.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kipimo. Wakata mikoko hawakuuza "miti" tu. Waliipanga kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti na nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Mnunuzi aliyekuwa mbali, asiyeweza kuuona mti kabla ya kuulipia, alipoagiza korija kadhaa za boriti alijua atapata nini. Nasi huku? Mara nyingi mkulima husimama barabarani na rundo la miti ya kila namna, minene na myembamba, iliyonyooka na iliyopinda, akingoja dalali akadirie kwa macho. Dalali naye hukadiria kwa faida yake. Kabla ya kuota habari za Dubai, nunua futi ya kupimia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mafuta yalipatikana Kuwait mwaka 1938, na meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka mwaka 1946. Fedha zikaingia kwa wingi, mji ukaanza kukua haraka kuliko wakati wowote. Mtu angedhani kwamba sasa boriti zitauzwa mara kumi. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1950 nyumba za udongo zilibomolewa, na mji ukajengwa upya kwa simiti na chuma. Maskini alihitaji boriti. Alipotajirika aliziacha, akataka chumba kipana kisichofuata urefu wa mti wa mtu mwingine. Majahazi hayakukoma mara moja, maana wako waliozihitaji bado, lakini mnunuzi mkubwa alikuwa amebadilika, na mkata mikoko kisiwani hakuulizwa shauri.

Huku nyumbani nako palikuwa na hasara. Wakataji walichagua miti iliyonyooka, wakaacha iliyopinda. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na msitu unabaki wa miti isiyofaa. Zaidi ya hayo, katika mizizi ya mikoko ndimo samaki wengi wanamokua wakiwa wadogo, kwa hiyo mvuvi naye huumia. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Waliotegemea kazi hiyo tu walibaki na mashoka yao.

Basi turudi Kakamega. Mti wa haraka hapa kwetu ni mkaratusi, ambao wengi huuita blugamu. Kwa mvua zetu hutoa fito na miti ya kujengea katika miaka 4 hadi 6, na nguzo za umeme baada ya miaka 8 au zaidi. Nguzo za umeme zenyewe zimetupa somo kama lile la Kuwait, tena bila kuvuka bahari: wakulima wengi walipanda wakitazamia soko hilo, kisha katika miaka ya 2010 nguzo za simiti zikaanza kushika nafasi ya zile za miti.

Tuseme hata hivyo umepata mnunuzi wa ng'ambo. Toka Kakamega hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi ina uzito unaokaribia tani moja, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Ukisafirisha magogo mabichi unalipa nauli ya maji! Halafu ziko karatasi. Huduma ya Misitu, yaani KFS, hutoa kibali cha kusafirisha mbao, na shirika la KEPHIS hukagua mimea na kutoa cheti cha afya yake kwa nchi inayokitaka. Hata mbao za kufungia mizigo na zile za kubebea huwa na sheria ya mataifa: zikitibiwa kwa joto, lazima zifike nyuzi 56 mpaka kiini cha mbao, na joto hilo lidumu dakika 30, ili wadudu wafe. Mkulima mmoja mwenye nusu ekari hawezi hayo peke yake. Chama cha ushirika chenye mashine ya kupasulia na banda la kukaushia chaweza kujaribu, nacho kianze kwa mbao kavu zilizopimwa, au milango na mbao za sakafu, si magogo.

Maoni yetu ni kwamba soko lako bora liko karibu zaidi. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na amri hiyo ilidumu miaka mitano na zaidi. Wajenzi wa Kenya walinunua mbao za Tanzania, Uganda na Kongo. Mnunuzi anavuka mipaka kutafuta mbao, nawe unataka kuvuka bahari kumtafuta mnunuzi.

Ukipanda, usiguse shamba la mahindi linalolisha watoto. Usipande mkaratusi karibu na chemchemi wala kando ya mto, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mpakani panda mgrevilea, ambao hausumbui mazao sana. Lakini zungumza na jirani kwanza, maana kesi za mipaka twazijua. Chunguza pia majani machanga ya mikaratusi: ukiona vivimbe kwenye vikonyo vyake, huenda ni kijidudu kilichoonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2002, huku huku magharibi. Mwite afisa wa misitu.

Ukikata, acha kisiki cha sentimita 10 hivi, ukikate kwa mshazari ili maji yatiririke. Machipukizi yakitokea, bakiza mawili au matatu yenye nguvu. Mbao za mkaratusi hupasuka upesi zikianikwa juani. Zipange kivulini juu ya mawe, zisiguse ardhi, na kati ya kila safu weka vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Paka rangi kwenye ncha zake. Weka uzito juu ya rundo zisipinde. Usiwe na haraka. Mbao nene hukaa miezi.

Zoezi la kufanya barazani: ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, ekari moja itachukua miti mingapi? Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Na ikiwa robo ya miti hiyo itapinda au kufa, utakuwa na korija ngapi za kuuza? Jibu: miti karibu 640, na korija karibu 24.