Mlingoti wa Bendera Mbele ya Hekalu la Kihindu

Kijana mmoja alituuliza, karibu na stesheni ya Voi, swali ambalo yafaa lijibiwe kwa makini: "Je, Wahindu huabudu mti? Mbona twasikia ya kwamba husimamisha mlingoti mbele ya hekalu, wakaufukizia ubani na kuupamba kwa maua?" Jawabu ni kwamba hawauabudu mti kwa kuwa ni mti. Lakini mlingoti huo si kigingi cha kutundikia kitambaa tu, na asiyejua maana yake aweza kuwakosea jirani zake pasipo kukusudia.

Kwanza ifahamike kwamba bendera za Wahindi si za namna moja. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi na kufika Kisumu mwaka 1901, na wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Wengi wao walitoka Punjab, na wenye maduka waliowafuata walikuwa hasa watu wa Gujarat. Huko Gujarat bendera hufungwa juu kabisa ya hekalu, penye kilele. Aionaye kwa mbali huinamisha kichwa, na kwa imani yao huwa kana kwamba ameiona sanamu iliyomo ndani.

Mlingoti tunaouzungumza ni desturi ya kusini ya Bara Hindi. Watamil huuita kodimaram, yaani "mti wa bendera" (msomaji asidhani ni habari ya kodi ya serikali, kodi kwa lugha yao ni bendera). Husimama uani, kati ya lango na chumba cha ndani, ukielekeana na mlango wa chumba hicho. Aingiaye husujudu karibu nao. Basi anayesujudiwa ni yule aliye ndani, si mti.

Kuusimamisha ni kazi ya miezi mingi. Hutafutwa mti ulionyooka, usio na pango wala kovu, mara nyingi msaji. Kabla ya shoka kuugusa, huombwa dua, na viumbe vikaavyo mtini huombwa radhi na kuambiwa vihame. Wazee wa Kitaita hawatalishangaa jambo hili, kwa maana wao nao wanajua ya kuwa miti ya fighi haikatwi ovyo. Katika nchi ya Kerala mti ukatwapo hauachwi uanguke chini. Hupokewa na kuchukuliwa mabegani na watu wengi. Kisha hubanduliwa gome na kulazwa miezi kadhaa katika hori refu la mafuta yaliyotiwa dawa, ili uweze kustahimili mvua na wadudu. Sisi tunaowajua mchwa wa nyika ya Voi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Baadaye huchimbwa shimo, hujengwa msingi wa mawe, na mti husimamishwa kwa sala, ukavikwa shaba tangu chini hata juu. Kileleni huwekwa vibao vitatu vikielekea hekaluni, navyo hutundikwa kengele ndogo ndogo. Penye mali nyingi huvikwa dhahabu: katika hekalu la Sabarimala, Kerala, mlingoti wa msaji uliovikwa dhahabu ulisimamishwa mwaka 2017 mahali pa ule wa saruji. Lakini kijiji maskini hakikosi sikukuu yake kwa sababu hiyo. Wako wasimamishao shina la mpopoo kwa siku za sikukuu tu.

Bendera yenyewe haipepei mwaka mzima. Hupandishwa siku ya kwanza ya sikukuu kubwa, ikiwa na picha ya mnyama au ndege wa mungu wa hekalu hilo: fahali kwa Shiva, tai Garuda kwa Vishnu, jogoo kwa Murugan. Katika vijiji vingi, aliyekuwapo ilipopandishwa hapaswi kusafiri na kulala mbali mpaka itakaposhushwa. Kwa hiyo mwana afanyaye kazi mjini hujitahidi kufika kabla ya siku hiyo, na magomvi ya nyumbani hutafutiwa suluhu mapema, maana watakaa pamoja watake wasitake.

Msafiri atokaye Voi kwenda Nairobi ataona mlingoti mwingine Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Usichanganye: hao si Wahindu, na bendera yao hupepea daima. Nguzo yake huvikwa nguo, na mwezi wa Aprili, sikukuu ya Vaisakhi, huoshwa na kuvikwa nguo mpya. Mgeni wa dini yo yote hukaribishwa chakula bila malipo. Avue viatu, afunike kichwa, asiingie na tumbako wala pombe, wala asiegemeze baiskeli yake kwenye nguzo hiyo.