Ngozi ya Uso Iliyoungua, na Vipele Visivyokwisha

Tazama ukuta wa nyumba ya matofali. Nguvu yake si matofali peke yake. Kati ya tofali na tofali kuna udongo unaoyashikamanisha. Mvua ikiuosha udongo ule, matofali yatabaki mahali pake kwa siku chache, lakini upepo utapita, na maji yatalowesha mpaka ndani. Ngozi yako imejengwa vivyo hivyo. Sehemu yake ya juu kabisa ni nyembamba kuliko karatasi, nayo ni chembe kavu zilizopangwa kama matofali. Katikati ya chembe hizo kuna mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza, nayo ndiyo udongo wake. Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasitoke ovyo, tena huzuia sumu na vijidudu visiingie.

Ninaanza na jambo hili kwa sababu wengi wanaokuja hospitali na vipele vya uso, ndivyo chunusi, wamekwisha kuubomoa ukuta huo kwa mikono yao wenyewe.

Sikia habari ya binti mmoja wa miaka 19. Jina lake halina kazi hapa. Alikuwa na vipele kama kumi kwenye paji la uso. Akaanza kunawa kwa sabuni ya kufulia mara nne kwa siku, akijisugua kwa wavu mgumu. Akapaka ndimu. Akapaka dawa ya meno. Mwishowe shangazi yake akampa mafuta ya sokoni yanayong'arisha ngozi. Kwa juma moja vipele vilikauka, uso ukang'aa, na watu wakamsifu. Baada ya miezi minne alikuja kwetu amejifunika kitenge hata macho. Ngozi ilikuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, na vipele vingi vya namna moja vimezunguka mdomo. Hata maji matupu yalimchoma. Akaniambia, "Munganga, arusi yangu ni baada ya majuma matano. Nipe dawa ya nguvu." Ilinibidi kumwambia kwamba dawa ya nguvu ndiyo iliyomfikisha pale.

Chunusi hutoka wapi? Si uchafu, wala si uchawi. Wengine husema ni tamaa ya ndoa. Lakini watu waliooa wanazo, na mama wa miaka 40 anaweza kuzipata. Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vya mafuta. Mtoto anapobalehe, mwili huviamuru vitoe mafuta mengi zaidi. Tundu la kifuko likizibwa na chembe za ngozi, mafuta hukaa ndani, vijidudu huongezeka, na mahali pale huvimba. Kwa hiyo kusugua hakufai kitu, maana kizibo kiko ndani. Kusugua huondoa udongo wa ukuta tu. Sabuni kali nayo ina magadi, lakini ngozi yenye afya ina ukali kidogo kama wa maziwa yaliyochachuka, na mambo haya mawili hayapatani.

Sasa habari ya mafuta ya kung'arisha. Hapa nitakaa kidogo, maana ninaona yakiuzwa kila soko, hata karibu na milango ya makanisa yetu. Mengi yana klobetasoli, dawa ya munganga iliyo kali sana. Hutuliza uvimbe upesi, ndiyo sababu watu huisifu. Kisha hukonda ngozi, huleta michirizi isiyofutika, na huzaa chunusi mpya. Mtu aliyeitumia muda mrefu akipasuliwa, kidonda chake huweza kuchelewa kufunga. Mengine yana hidrokinoni, ambayo ikitumiwa miaka mingi huweza kuleta weusi wa rangi ya samawati mashavuni, na weusi huo ni mgumu mno kuondoa. Mengine yana zebaki, sumu ya mafigo na ya mishipa ya fahamu, nayo humfikia hata mtoto aliye tumboni. Mataifa yaliyokubaliana Mkataba wa Minamata, mwaka 2013, yaliiweka zebaki ya namna hii katika vitu vya kukomeshwa. Usidanganywe na picha nzuri ya boksi. Mwombe anayejua kusoma atafute neno klobetasoli. Kwenye tyubu huandikwa kwa herufi C. Na kama tyubu haina maandishi yoyote, hiyo ni mbaya zaidi.

Lakini angalia sana: ukiyaacha, uso utawaka. Kwa majuma kadhaa utawasha, utavimba, na vipele vitaongezeka. Wengi hurudi kwenye tyubu wakati huo, wakifikiri, "Bila mafuta haya sina uso." Hapana. Ni ngozi inayolia kwa kunyimwa dawa iliyoizoea. Na wewe uliyejipaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiache kwa siku moja, njoo kwanza. Huenda mwili wako umelegea katika kutengeneza dawa yake yenyewe, na kuacha ghafula kunaweza kukuletea udhaifu mkubwa, kutapika, hata kuzimia. Munganga atapunguza kidogo kidogo.

Katika kuujenga ukuta upya, kazi kubwa ni kuacha. Acha ndimu, dawa ya meno, maji ya javeli, unga wa mchanga, wavu. Nawa mara mbili tu kwa siku kwa maji ya baridi au vuguvugu, kwa vidole. Ikiwa sabuni inachoma, nawa kwa maji matupu mpaka uso utulie. Kisha tumia sabuni laini kidogo isiyo na marashi. Futa kwa kugusa-gusa. Uso ukiwa bado na unyevu, paka vazelini nyembamba sana, kiasi cha punje ya haragi kwa uso mzima. Gliserini nayo ni nzuri, lakini ichanganye na maji yaliyochemshwa na kupoa, sehemu moja kwa sehemu tatu. Ikiwa tupu huweza kuchoma. Mafuta mazito ya nywele yasishuke kwenye paji la uso, maana huziba matundu. Kutana na jua ukiwa na kofia au mwavuli, kwa kuwa jua huzidisha weusi wa makovu. Ngozi ya kijana huchukua karibu siku 28 kujifanya upya, basi usijitazame kwenye kioo kila saa.

Uso usipochoma tena, ndipo tunatibu chunusi. Dawa ya kwanza ni benzoili peroksidi, ya 2.5 au 5 kwa mia. Paka kidogo usiku, siku moja ndiyo, siku moja hapana, uso ukiwa mkavu. Tandika kitambaa kizee juu ya mto, maana dawa hii huondoa rangi ya nguo. Ngoja majuma 8 hata 12. Usikamue, ukikamua, usaha hupasukia ndani na kovu hubaki. Vidonge usinunue sokoni: doksisiklini haimfai mama mjamzito, na isotretinoini huharibu mtoto tumboni.

Njoo siku hiyo hiyo kama uvimbe karibu na pua au jicho una homa. Njoo pia kama una doa lisilosikia kuguswa, au vinundu masikioni. Hiyo si chunusi. Ukoma bado upo katika nchi yetu, nao una dawa inayouponya.

Yule binti aliolewa akiwa na madoa, bila vipele vipya vya mdomo. Aliyapokea kwa machozi, sitaficha. Mwezi wa tatu madoa yalikuwa yamefifia nusu. Siku hiyo alikuja pamoja na shangazi yake. Mama yule alikaa benchini mpaka wengine wote wametoka, kisha akafungua pembe ya kitenge chake, akanipa tyubu yake mwenyewe, akasema, "Nisomee."