Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka: Tutengeneze au Tununue?



Katika vikundi vingi vya hapa Migosi na Kisumu kwa jumla, kompyuta ya mezani si pambo tena. Ndiyo inayoandika barua za kuomba kazi na programu za mazishi. Ndiyo inayowafungulia watu eCitizen, kujaza fomu za HELB, na kupeleka ripoti za kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Tena vikundi vingine vimehamisha ndani yake daftari la hisa na mikopo. Basi siku inapokataa kuwaka, yanasimama mapato ya wiki, na linafungiwa ndani jasho la mama aliyeweka shilingi hamsini hamsini tangu mwaka jana.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema, "Hii imezeeka, tununue ingine." Mwingine anajibu, "Pesa iko wapi? Pelekeni kwa fundi." Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, lakini wanabishana gizani, kwa maana hakuna aliyeuliza kwanza ni sehemu gani imekufa. Kompyuta ya mezani haifi yote kwa pamoja. Ni sanduku lenye sehemu mbalimbali, na karibu kila moja yaweza kufunguliwa kwa bisibisi na kuwekwa nyingine. Tukijua iliyokufa, mabishano mengi huisha yenyewe.

JUENI KWANZA KILICHOKUFA

Anzeni na vile visivyo na gharama. Chomekeni taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile, mjue kama stima ipo. Badilisheni waya wa umeme, azimeni wa jirani. Angalieni kama ni skrini tu isiyoonyesha ilhali feni inazunguka ndani. Msicheke, mashine nyingi zimebebwa kwa boda mpaka mjini kwa sababu ya waya uliolegea.

Kama inawaka lakini inalia pii-pii bila kuonyesha kitu, mara nyingi ni rami. Chomoeni waya wa umeme, fungueni sanduku, toeni kadi ya rami, msugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya kufutia penseli, mpanguse, kisha mwirudishe mpaka ishike pande zote mbili. Vumbi letu la kiangazi pamoja na unyevu wa ziwani huchafua meno hayo. Kazi ni ya dakika kumi.

Kuna ugonjwa mwingine unaodanganya watu sana. Kompyuta inawaka vizuri, lakini kila asubuhi tarehe imerudi miaka ya nyuma, na kurasa za serikali na benki zinakataa kufunguka. Watu husema, "Intaneti imeharibika," au "Mashine imeingia virusi." Kumbe ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Tarehe ikiwa ya uongo, kompyuta haiwezi kuhakikisha vibali vya usalama vya kurasa hizo, nayo inazikataa. Betri hiyo haizidi bei ya kilo moja ya sukari. Mtu asiwauzie kompyuta kwa sababu ya betri!

Kibodi na mausi hatutazisemea sana. Zikifa, nunueni nyingine.

PAWA SAPLAI

Hili ndilo sanduku dogo la chuma linalopokea umeme wa volti 240 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumika ndani. Kwetu ndilo hufa mara kwa mara. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, ndilo la kwanza kupigwa. Radi za jioni, ambazo watu wa kando ya ziwa wanazijua vizuri, huingia kwa njia hiyohiyo. Na mijusi na sisimizi hupenda joto lake.

Shauri letu ni moja: pawa saplai ibadilishwe, isifunguliwe nyumbani. Ndani yake kuna kapasita zinazoshika umeme hata baada ya kuchomoa waya, nazo zaweza kumuumiza mtu vibaya. Mnapokwenda kutafuta nyingine Kondele au mjini, bebeni ile iliyokufa mkononi. Kompyuta nyembamba za ofisini, kama zile za Dell na HP zinazoletwa zikiwa zimetumika, mara nyingi zina pawa saplai za umbo lao wenyewe na plagi zao wenyewe, na ya kawaida haitaingia.

Na kwa wale waliopewa kompyuta na wafadhili kutoka Marekani: kabla ya kuchomeka, angalieni nyuma. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kwao umeme ni wa volti 120. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115 na mkaichomeka katika soketi ya Kenya, mtasikia mlio na kuona moshi, na zawadi imekwisha. Isukumeni kwenye 230 kwanza.

DISKI: HAPA MSIHESABU BEI YA CHUMA

Diski ya kuzunguka inapokaribia kufa huwa polepole, hugonga kama saa ya ukutani, au mafaili hukataa kufunguka. Siku mnaposikia mlio huo, kazi zote zisimame. Msijaribu kusafisha virusi, msiweke Windows upya. Nakilini kwanza daftari la hisa na mikopo kwenye flashi, kisha zimeni.

Diski haitengenezwi kwa kufunguliwa mezani, maana chembe moja ya vumbi inatosha kukwaruza sahani zake. Hubadilishwa. Na ukibadilisha, chukua ya SSD hata kama nafasi yake ni ndogo. Haina kitu kinachozunguka, na mashine ya zamani itaonekana imeamka usingizini. Lakini diski mpya haina majina ya wanachama wenu. Nani amekopa, nani amelipa, hayo hayauzwi dukani. Katibu awe na nakala kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kila mwisho wa mwezi ukurasa mmoja uchapishwe na kutiwa sahihi. Kikundi chenye nakala hupoteza diski. Kisicho na nakala kinaweza kupoteza imani ya wanachama wake, na hakuna fundi wa kitu hicho.

MADABODI NA KIRAKA KIPYA

Madabodi ndiyo bodi kubwa inayobeba sehemu nyingine zote. Hapa ndipo uamuzi huwa mgumu.

Tazameni kwanza vile vimkebe vidogo vya duara vilivyosimama juu yake, yaani kapasita. Vichwa vyao vyapaswa kuwa bapa. Vikifura au kuvuja maji ya kahawia, vimekufa. Bodi nyingi zilizotengenezwa duniani kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilikuwa na kapasita mbovu za namna hii. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri aweza kulehemu nyingine zenye kipimo kilekile, na volti zisizopungua zile za kwanza. Ikiwa ugonjwa ni huo tu, inafaa kujaribu.

Lakini bodi ikiungua kwa radi, tulieni. Mnakumbuka ule mfano wa kiraka kipya katika Marko sura ya 2, kinavyoichana nguo kuukuu. Bodi ya aina nyingine yaweza kudai prosesa nyingine, na rami nyingine pia, kwa sababu rami ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Mnaanza na spea moja, mnamaliza na tatu.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, ulizieni za kwenu. Tuseme kompyuta iliyotumika, nzima, yenye nguvu kama yenu, inauzwa shilingi 14,000. Pawa saplai ni 2,000 na kazi ya fundi 500. Jumla 2,500: tengenezeni. Bodi ni 6,000, rami 2,500, fundi 1,000. Jumla 9,500, na bado diski na pawa saplai ni zile za zamani. Hapo sisi tungenunua nyingine. Kipimo chetu ni nusu: matengenezo yakipita nusu ya bei ya mashine nzima, simameni. Na katika hesabu hiyo tieni pia yale mliyolipa mwaka uliopita, kwa kuwa elfu mbili mara nne huonekana ndogo kila mara inapotolewa.

Liko jambo jingine la kutia katika hesabu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi zilizotoka kabla ya 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kama yenu ni ya hizo, msimwage pesa nyingi ndani yake. Inaweza kuendelea kuandika barua kwa Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi, lakini jaribuni kwanza kama printa yenu itakubali.

MBELE YA FUNDI

Kabla mashine haijatoka, andikeni namba za diski na rami, au zipigeni picha kwa simu. Wanachama wawili waende pamoja na wakae pale akifungua, kama inawezekana. Mwulizeni kwa heshima, "Fundi, umejuaje kwamba ni hii?" Fundi wa kweli atachomeka spea yake nzima mwonyeshwe mashine ikiwaka. Dai risiti, muda wa dhamana, na ile iliyokufa irudi nyumbani. Mweka hazina asiamue peke yake kwa simu. Bei isomwe katika mkutano na kuandikwa.

Mashine ya zamani isitupwe. Skrini yake, rami na feni ni spea za kesho. Msichome nyaya ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa watoto. Zisizofaa kabisa zikusanyeni, vikundi kadhaa pamoja, ziulizieni kwa wanaokusanya taka za elektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Daftari letu la mikopo liko mahali pangapi leo? Tumetumia pesa ngapi kwa kompyuta hii tangu Januari, na nani ameandika? Ikizima kesho, ni nani wawili watakaoibeba?