Linda Kumi la Mwisho

Anayeishi mjini Unguja anaijua hali hii. Ikifika kumi la mwisho la Ramadhani, Darajani na Mchangani hapapitiki. Maduka yanakesha, na mama aliyefunga mchana kutwa anazunguka na watoto kutafuta viatu vitakavyokwenda na gauni. Na hayo ndiyo masiku ya kuutafuta Lailatul-Qadri, hasa ya witiri: 21, 23, 25, 27 na 29. Usiku wenye kheri iliyozidi miezi elfu unatupita tukibishana bei ya mkoba.

Siwalaumu wenye maduka, nao wanatafuta riziki. Ila inaniuma kuona msikiti uliojaa mwezi ulipoandama unabaki na safu chache Ramadhani inapofikia kilele chake.

Nyumbani kwetu manunuzi ya sikukuu tumeyahamishia Shaabani. Vitambaa vya kanzu na magauni vinafika kwa fundi wakati bado ana nafasi ya kupima vizuri na bei haijapanda. Watoto husema mitindo mipya inaingia baadaye. Ni kweli, inaingia. Huwaambia kwamba sunna ya Idi ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo iliyo bora katika ulizonazo. Hakuna aliyeamrishwa kuvaa iliyotoka dukani jana.

Kisha fitri, na hapa ndipo naomba tukae kidogo. Fitri ni pishi moja ya chakula kinacholiwa sana mahali mnapoishi, takriban kilo mbili na nusu, kwa kila aliyemo nyumbani, hata mtoto mchanga. Nyumba ya watu sita ni kilo 15 za mchele. Sisi huuweka kando mchele huo kabla ya kununua unga wa visheti au tambi za sikukuu. Tunatoa mchele ule ule tunaoula wenyewe, si chenga. Watoto ndio wanaopima, na ndio wanaobeba kwenda kwa majirani wanaostahiki, kabla ya swala ya Idi, kwa sababu ukitolewa baada ya swala unahesabiwa sadaka ya kawaida. Wafundishe kupiga hodi kwa adabu na kushusha mzigo bila maneno mengi. Fitri ni haki ya anayepokea, si hisani yetu. Mtoto aliyepima mchele kwa mkono wake na kuuona ukipokelewa ameifahamu Idi kuliko aliyeletewa jozi tatu za viatu.

Futari isiwe mashindano. Tende, uji, muhogo wa nazi na samaki vinatosha. Meza ya vyakula kumi inamchosha mpishi hadi Tarawehe inampita.

Shukrani nayo ina mahali pake. Katika Suratul-Baqara, aya ya 185, amri ya kufunga inafuatana na kukamilisha idadi ya siku, kumtukuza Mwenyezi Mungu na kushukuru. Kwa hiyo jua likizama usiku wa kuamkia Idi, sisi tunaleta takbira: anayemenya vitunguu thomu kwa ajili ya pilau analeta, anayepiga pasi analeta, na mdogo anaitikia. Asubuhi, baada ya swala, tunaanza kwa wazee na wagonjwa wa familia. Viwanja vya sikukuu na mkono wa Idi vinafuata jioni, na watoto hufurahi bila kupungukiwa na kitu.

Ndugu yangu, ukipata kipato chako cha Shaabani, tenga kwanza fedha ya fitri, kisha mpelekee fundi vitambaa vya wanao kabla mwezi haujaandama. Ukiingia kumi la mwisho, usiku uwe wa msikiti na msala wako. Darajani itakuwepo baada ya Idi.