Maharage, Nyama na Damu Yangu

Hapa bwenini tunanung'unikia maharage, na mimi nilinung'unika kupita wote. Muhula uliopita nilipimwa nikaambiwa damu imepungua. Nikasema mara moja, "Ni hayo maharage!" Bwana Mganga akacheka, akaniuliza hunywa nini baada ya kula. Nikamjibu: chai ya rangi, vikombe viwili.

Kumbe kosa lilikuwa hapo. Maharage yana madini ya chuma yanayojenga damu, lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama, na chai huzidi kukizuia. Ndimu au chungwa hukisaidia kuingia. Sasa chai naiacha mpaka saa nzima ipite.

Wala nyama tusiitukuze mno. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kula kila siku gramu 50 za soseji na nyama kama hizo za viwandani huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tena nyama haina nyuzinyuzi. Maharage yanazo tele.

Lakini asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa hukosa vitamini B12. Asipoipata kwa njia nyingine, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika.

Baba alipopata habari zangu alitaka kuuza mbuzi anipatie fedha za nyama. Nimemwandikia amwache mbuzi wake, aniletee machungwa.