SOMO: Kingamwili Adimu na Safari ya Chanjo ya UKIMWI



Katika semina za UKIMWI huulizwa: "Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili kwenye damu. Kama mwili umeshatengeneza kingamwili, mbona mtu haponi?" Swali hili ni la msingi, na jibu lake ndilo linaloongoza sehemu kubwa ya utafiti wa chanjo.

1. Kwa nini kingamwili za kawaida hazitoshi

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu ili kunasa vijidudu. Aliyepona surua hulindwa nazo maisha yake yote. VVU ni tofauti. Ganda lake la nje limefunikwa na sukari zinazofanana na za mwili wetu, na hubadilika haraka mno. Kingamwili zinapojifunza kuvitambua virusi, vimeshabadilika. Hivyo zile zinazoonekana kwenye kipimo ni ushahidi kwamba virusi vimeingia, si dalili ya kupona.

2. Kingamwili adimu

Hata hivyo, baadhi ya watu wanaoishi na VVU, baada ya miaka kadhaa, hutengeneza kingamwili zinazozuia aina nyingi za virusi hivyo. Hizi hushika sehemu ambazo virusi haviwezi kuzibadilisha kwa urahisi, kama ile vinayotumia kujishikiza kwenye chembe za damu. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza damu ya watu wapatao 1,800 kutoka nchi mbalimbali walitangaza kingamwili mbili, PG9 na PG16, zote kutoka kwa mchangiaji mmoja Mwafrika. Mwaka 2010 ikatangazwa VRC01 huko Marekani, iliyozuia asilimia 90 hivi ya aina zilizopimwa maabara.

Mwenye damu hiyo haponi, kwa kuwa kingamwili hizo huja zimechelewa. Je, zikitangulia kabla ya virusi?

3. Jaribio na jibu lake

Kuanzia mwaka 2016, watu zaidi ya 4,600 wasio na VVU, wakiwemo wanawake wa Tanzania na Kenya, walijitolea. Wengine waliwekewa VRC01 kwa dripu kila baada ya wiki 8, wengine maji yasiyo na dawa. Hakuna aliyewekewa virusi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa ujumla VRC01 haikupunguza maambukizi. Lakini dhidi ya virusi vinavyodhurika nayo kwa urahisi, ambavyo vilikuwa karibu theluthi moja ya vile vilivyokuwepo, ulinzi ulifikia asilimia 75. Funzo ni kwamba kingamwili zinaweza kumlinda mtu, ila moja peke yake haitoshi.

4. Kuufundisha mwili hatua kwa hatua

Chanjo inayotafutwa ni ya kuufanya mwili utengeneze kingamwili hizi wenyewe. Ni kama shule: sindano ya kwanza huandikisha chembe chache zenye kipaji, na zinazofuata huzipandisha darasa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa waliitikia hatua ya kwanza. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya jaribio dogo la Rwanda na Afrika Kusini, na karibu washiriki wote waliitikia. Hilo ni darasa la kwanza tu. Bado halimkingi mtu.

5. Wajibu wa kamati

- Waelezeni watu wazi kwamba chanjo ya UKIMWI haijapatikana. Anayeiuza ni tapeli.
- Anayetumia ARV asiache kwa kusubiri chanjo.
- Aliyeshiriki majaribio ya chanjo anaweza kuonekana na kingamwili kwenye kipimo bila kuambukizwa. Asinyanyapaliwe, aelekezwe kwa wataalamu wa jaribio wampime kwa njia nyingine.

Kwa wafadhili, tunaomba uvumilivu. Jaribio lisilotoa kinga si fedha iliyopotea ikiwa limejibu swali. Tukumbuke pia kwamba ujuzi huu ulitoka katika damu ya watu wanaoishi na VVU. Wale ambao jamii imewatenga ndio waliowaonyesha wataalamu njia.

Maswali ya majadiliano

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na kingamwili na kuwa na kinga?
2. Ni uvumi gani kuhusu majaribio ya chanjo unaosikika kwenu, na mtaujibuje?
3. Wanaoishi na VVU wana nafasi gani katika kamati yenu?