Mwendo wa Watoto na Mifugo

Somo: Mwanzo 33:12-17

Jumamosi ile ya matembezi tulikuwa watu 23, vijana na wazazi. Tulitoka Embu saa tisa usiku, tukafuata barabara ya Meru hadi Chogoria, halafu magari ya kukodi yakatupandisha karibu kilomita 30, kupitia msitu wa mianzi, mpaka geti la mbuga. Hapo uko kama mita 2,950 juu ya bahari na hata hujaanza kutembea. Tulikusudia kuvuka matuta hadi kilima cha Mugi, tushukie Ziwa Ellis, turudi getini kabla ya giza.

Mpango niliuchora mimi. Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na mtu wa biashara ukimpa siku moja ataikatakata kama keki. Nilikuwa na karatasi: Mugi saa tano, ziwa saa saba, geti saa kumi. Kijana aliyekuwa anatuongoza njia aliiangalia akasema, "Pole pole tu, pasta." Nikacheka.

Asubuhi ilikuwa safi. Tulipotoka kwenye miti, Kirimaara, kama Wameru wanavyouita, ulikuwa wazi kabisa, Batian na Nelion zimechomoza juu na Lenana kando yake. Vijana wakaimba. Saa tano kasoro dakika kumi tulikuwa juu ya Mugi, na mimi nikaangalia saa yangu nikafurahi sana.

Ndipo nikahesabu watu. 21.

Aliyekosekana ni yule mama anayetupikia chai ya Jumapili, pamoja na binti yake. Na ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, kama kawaida ya mlima huo mchana unapokaribia. Tulirudi tukiita. Nusu saa nzima niliomba maombi ambayo sijawahi kuomba kanisani. Tuliwapata wameketi kando ya mwamba, mama ameshika kichwa, ametapika mara mbili. Ukipita mita 2,500 hewa ni nyepesi, na ugonjwa wa mwinuko hauangalii umri wala wokovu. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Kumwombea tulimwombea, lakini tukiwa tunashuka.

Nilimuuliza mbona hakuita. Akasema, "Niliona mko na haraka, pasta. Sikutaka kuwachelewesha."

Ziwa hatukuliona. Getini, mama akinywa chai na kichwa kimeanza kutulia, nilifungua Mwanzo 33. Esau anataka waandamane. Yakobo anakataa: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Esau atangulie, yeye atafuata kwa mwendo wa watoto na wanyama. Kuna watakaosema Yakobo alikuwa anamkwepa ndugu yake, na ni kweli mstari wa 17 unaonyesha alielekea Sukothi, si Seiri. Huenda. Lakini hesabu yake ya mifugo ilikuwa sahihi. Tena rudini sura ya 32: mtu huyu alikuwa ametoka kushindana usiku kucha, akachomoza asubuhi akichechemea. Aliyejua mwendo wa wadhaifu ni kiongozi mwenyewe kilema. Mimi siku ile nilikuwa na viatu vipya.

Sasa niseme la nyumbani. Mwezi wa kwanza ni mimi niliyependekeza kila familia itoe shilingi 3,000 kwa mwezi za paa la kanisa, na ni mimi niliyebandika majina ukutani. Paa linaenda vizuri. Kwenye ripoti yangu kulikuwa na safu ya "hawajatimiza", na sikuwahi kujiuliza kama watu wa safu hiyo bado wanakuja ibada. Jumapili iliyofuata nilihesabu. Familia nne hazipo, na hakuna hata moja iliyolalamika. Hawakutaka kutuchelewesha.

Jumanne, baada ya kuongea na mchungaji, niliibandua ile karatasi. Paa litachukua muda litakaochukua. Nimewapigia simu wote wanne, na mmoja tu amekubali nimtembelee. Ni Alhamisi. Amesema atakuwa kwa shamba la majani chai mpaka saa nane, kwa hivyo nitaenda na gambuti nimsaidie kuchuma tukiongea.